Kurudisha Flaiwili ya Massey Ferguson 135 Ikakaa Sawasawa

Kabla masika hayajaingia, matrekta ya Magarini, Gongoni na Langobaya, upande wa Malindi, hayapati usingizi. Kila mwenye shamba anataka ardhi yake iwe imeshapinduliwa mvua ikianguka, na trekta linaloitwa kazini mara nyingi ni lilelile la wazee: Massey Ferguson 135, lililoundwa Coventry, Uingereza, tangu 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970. Injini yake ni Perkins AD3.152, dizeli ya silinda tatu, lita mbili na nusu. Ni injini ya kuheshimiwa. Ukiitendea haki itamlimia mjukuu wa aliyeinunua.

Flaiwili ya injini hii, gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), ni nadra kufunguliwa kwa ajili yake yenyewe. Hufunguliwa kwa kuwa klachi imekwisha, au sili ya nyuma ya krenki inavuja, au stata imekula meno. Basi akili yote ya fundi inakwenda kwenye klachi mpya, mwenye trekta amesimama mlangoni na simu mkononi, na flaiwili inarudishwa kama kifuniko cha sufuria. Wiki mbili baadaye trekta linatetemeka dereva akiachia pedali, na klachi ndiyo inayolaumiwa. Hapa nataka tuishughulikie flaiwili peke yake, kwa utaratibu, kuanzia pale ambapo injini na giaboksi zimeshatenganishwa.

Kwanza elewa kazi yake. Katika injini ya silinda tatu mlipuko huja kila baada ya digrii 240 za mzunguko. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine, kinachoisukuma krenki ipite kwenye mgandamizo wa silinda inayofuata ni uzito wa flaiwili tu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, chuma hicho kizito kinazunguka zaidi ya mara 33 kwa sekunde, karibu na miguu ya dereva. Kikikaa kombo, klachi inashika upande mmoja, na sili na beringi ya nyuma vinachakaa kabla ya wakati. Bolti zake zikilegea, hausingi (ganda linaloifunika) ya chuma cha kusubu inaweza kupasuka na mtu akaumia vibaya. Kwa hiyo sitaki usome sehemu ya kukaza bolti ukaruka zilizobaki.

Trekta lisimame imara

Eksoli ya mbele ya 135 inacheza kwenye pini yake ya katikati, kwa hiyo injini ikiachana na giaboksi inaweza kulala upande. Gonga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya eksoli na kitako chake. Injini ikae juu ya stendi, giaboksi juu ya stendi yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuegemezea. Na kwa sisi wa Pwani naongeza hili: usitumie tofali za matumbawe kama stendi. Zinaonekana ngumu, lakini hupasuka kwa ghafla bila kutoa dalili yoyote. Magogo ya mbao ngumu ni bora mara mia. Betri iwe imetolewa.

Utahitaji spana ya toki (inayoonyesha nguvu ya kukaza), geji ya saa yenye kitako cha sumaku (sindano yake huonyesha uso ukiyumba), fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo), tupa laini, msasa laini, thina, vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, na bolti mbili ndefu za kutengenezea viongozi, ambavyo nitavieleza mbele. Geji ya saa ndiyo ambayo mafundi wengi wa huku hawana. Azima. Kazi hii bila kupima ni kubahatisha.

Ikague flaiwili ikiwa chini

Itazame sehemu inayosuguana na klachi. Vijinyufa vyembamba vya joto visivyoshikika kwa ukucha vinavumilika. Ufa unaoshika ukucha, au unaoanzia kwenye tundu la bolti, haukubaliki: flaiwili hiyo ibadilishwe. Madoa ya buluu au uso uliochimbika huhitaji kukerezwa. Ukiipeleka kwa mkerezaji, kama ni ile yenye kikombe, yaani uso wa klachi umezama kuliko ukingo, mwambie wazi kwamba kiasi atakachoondoa kwenye uso wa klachi akiondoe pia kwenye ukingo ambapo kava ya klachi inafungwa. Akikereza uso mmoja tu, shinikizo la klachi linabadilika, na hutaelewa kwa nini klachi mpya inateleza.

Halafu meno ya ringi iliyovalishwa ukingoni mwa flaiwili, yanayosukumwa na stata. Injini ya silinda tatu ikizimwa hupenda kusimama katika sehemu tatu zilezile za mzunguko, na ndiyo maana meno huliwa mafungu mafungu, si ringi nzima. Ringi iliyoliwa hivyo itolewe. Toboa tundu kati ya meno mawili bila kuigusa flaiwili, kisha ipasue kwa tindo. Vaa miwani ya kazi: ringi hiyo ina mkazo ndani yake na vipande huruka. Kabla hujaipasua, angalia ncha za meno zimechongwa upande gani. Upande huo ndio unaopokea pinioni (gia ndogo) ya stata, na ringi mpya lazima ielekee vivyo hivyo.

Ringi mpya huvalishwa ikiwa ya moto, kama nyuzi 250 za Selsiasi, si zaidi. Bila kipimajoto, rangi ya chuma itakuambia. Isugue kwa msasa mpaka ing'ae mahali pachache, ilaze juu ya matofali ya kuchoma, kisha zungusha moto wa gesi polepole pande zote ndani ya ringi. Chuma kikianza kuwa cha manjano hafifu umekaribia. Kikifika rangi ya asali iliyokolea, acha moto, ichukue kwa koleo, iweke mahali pake na uigonge kwa wepesi ikalie bega lake kote. Ukiona zambarau au buluu umeshapita, na meno yamelainika. Iache ipoe yenyewe. Usimwagie maji, hata mwenye trekta akikuhimiza.

Beringi ndogo ya kitovuni, inayopokea ncha ya shafti ya giaboksi, izungushe kwa kidole. Ikikwaruza hata kidogo, badilisha sasa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kukifikia tena ni kazi ya siku nzima. Unapoingiza mpya, sukuma kwa ringi yake ya nje tu.

Sili ya nyuma, wakati njia iko wazi

Injini nyingi za AD3.152 zina sili ya kamba, iliyolala ndani ya hausingi ya vipande viwili. Ukiona oili imelowesha nyuma ya flaiwili, usirudishe chochote kabla ya kubadilisha kamba hiyo. Ingiza kwanza ncha mbili za kamba kwenye mfereji wa kila nusu, ziache zitokeze robo hadi nusu milimita nje ya uso wa kuungia. Kisha sukuma sehemu iliyobaki kuanzia katikati kwenda pembeni, ukiibana kwa kipande cha chuma cha duara. Paka grisi ya grafaiti ndani. Wengi huzikata ncha zikawa sawa na chuma, wakidhani ndiyo unadhifu, na hapo ndipo oili inapopata njia. Zile robo milimita ndizo zinazobanana na kuziba.

Uso wa krenki na mgongo wa flaiwili

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Ukiwa na saa tatu za kazi, saa moja na nusu iishie hapa.

Chukua mfano wa krenki yenye flenji (kisahani cha mwisho wake kinachofungiwa flaiwili) ya upana wa milimita 100 na flaiwili ya milimita 300. Chembe ya uchafu au kikwaruzo kilichoinuka kwa milimita 0.05 ukingoni mwa flenji, chini ya unene wa unywele wa kawaida, kinaiinamisha flaiwili. Kwa kuwa flaiwili ni pana mara tatu ya flenji, mwinamo huo ukifika ukingoni umekuwa milimita 0.15. Kipimo cha Perkins kwa injini hizi ni kwamba uso usiyumbe zaidi ya sehemu 0.0005 ya kipenyo, na kwa flaiwili ya milimita 300 hiyo ni milimita 0.15 barabara. Yaani chembe moja usiyoiona kwa macho imekula ruhusa yote uliyopewa, kabla hujahesabu kasoro nyingine yoyote.

Osha nyuso zote mbili kwa mafuta ya taa, futa, kisha rudia kwa thina mpaka kitambaa cheupe kitoke kikiwa cheupe. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka flenji, kando za matundu ya bolti na ukingo wa nje. Macho hudanganyika kwa mng'aro, ukucha haudanganyiki. Ukikwama popote, laza tupa laini iwe bapa kabisa na uteleze mara moja mbili mpaka kile kilichoinuka kiondoke, kisha simama. Kazi ya tupa ni kuondoa kilichoinuka, si kulisawazisha flenji. Kagua pia ukingo wa duara wa flenji, kwa sababu ndio unaoiweka flaiwili katikati. Pengo lake ni dogo mno, na kutu kidogo hapo hufanya flaiwili ikwame kabla haijafika mwisho.

Upepo wetu una chumvi. Uso wa chuma ulioachwa wazi jioni hapa Malindi, asubuhi una utando wa kutu rangi ya chai ya maziwa. Ukiwa hutaki kufunga leo, paka oili nyepesi na ufunike. Hata hivyo usafishaji wa mwisho kwa thina ufanye saa ileile ya kufunga, si jana yake, na nyuso zifungwe zikiwa kavu, bila oili, bila gundi, bila rangi.

Safisha na hesi (nyuzi za bolti) za matundu, na upulize kwa hewa. Chungulia kama tundu limetoboka hadi ndani ya injini. Lililotoboka huhitaji gundi ya kuzuia oili kwenye hesi za bolti yake. Lililoziba lisibaki na oili chini, kwani bolti itakandamiza oili hiyo na spana itakuambia imekaza kabla haijakaza.

Upande upi juu?

Flaiwili yenye alama za kutegea dizeli (kupanga wakati wa dizeli kuingia kwenye silinda) haikai popote inapopenda. Kwenye Perkins nyingi za wakati huo kuna bolti sita, na flenji ya krenki ina tundu la saba lisilo na hesi. Flaiwili nayo ina tundu dogo la saba lisilotumika. Matundu hayo mawili lazima yatazamane. Ukikosea kwa tundu moja, bolti zote sita zitaingia bila ubishi, lakini alama zako zimehama digrii 60, na siku fundi mwingine atakapotega pampu ya dizeli kwa kufuata alama hizo atahangaika na injini isiyowaka.

Usimwamini aliyefungua kabla yako. Hata kama uliweka alama ya panchi wakati wa kutoa, huenda ilikuwa imefungwa vibaya tangu zamani. Leta pistoni ya kwanza juu kabisa, na flaiwili ikishapanda hakikisha alama yake ya juu kabisa iko mahali pake kwenye dirisha la kuchungulia.

Kuipandisha

Kata vichwa vya zile bolti mbili ndefu zenye hesi sahihi, na uzichonge mfereji mwishoni kwa msumeno wa chuma ili uweze kuzitoa kwa bisibisi. Hivi ndivyo viongozi. Vifunge kwa mkono kwenye matundu mawili yanayokabiliana. Flaiwili inyanyuliwe na watu wawili, au kwa cheni, na vidole visipite nyuma yake. Iteleze juu ya viongozi mpaka iguse flenji kote. Ikikataa sentimita ya mwisho, usiivute kwa bolti. Itoe, tafuta kilichoizuia. Bolti zinaweza kuivuta ikafika, lakini itafika imekwaruza ukingo wa flenji, na kikwaruzo hicho kitabaki hapo hadi ufungue tena.

Bolti zenyewe ni za inchi, na naomba ulitilie maanani. Bolti ya M12 ya hesi nyembamba ina hatua ya milimita 1.25, na ya nusu inchi ya hesi nyembamba ina hatua ya 1.27. Kwa mkono, ile ya M12 itaingia kwenye tundu la nusu inchi kana kwamba ni yake, ila imeshika ncha za hesi tu. Itakazika kidogo, kisha itang'oka na hesi za krenki yako. Tumia bolti za asili zikiwa nzima, au mpya za flaiwili zenye namba ya kipuri chake. Bolti za duka la vifaa vya ujenzi hazina nafasi hapa, hata kama zinang'aa.

Wosha za kukunja ziwe mpya. Usipake grisi kwenye hesi: hesi zenye grisi huifanya bolti ivutike zaidi ya kile spana inachoonyesha. Ingiza nne kwa vidole, toa viongozi, malizia mbili zilizobaki. Kaza kwa kuvuka kati, bolti hii kisha inayoikabili, kwa awamu tatu: theluthi moja, theluthi mbili, kisha kamili. Vitabu vya AD3.152 hutaja futi-pauni 75 hadi 80, yaani nyutoni-mita 102 hadi 108. Fuata kitabu cha namba ya injini yako, kwa sababu injini hizi zimebadilishiwa krenki na flaiwili miaka mingi. Mzunguko wa mwisho uwe mmoja wa polepole, bila kugutusha spana.

Krenki itataka kuzunguka ukikaza. Funga kipande cha chuma bapa kwenye tundu la bolti la hausingi, ncha yake ikalie mwanya wa meno. Kutia tindo kati ya meno na kuliegemeza kwenye hausingi kunavunja kimoja kati ya hivyo viwili. Wosha usizikunje bado.

Kupima

Weka kitako cha geji ya saa kwenye nyuma ya injini, ncha yake iguse ukingo wa nje wa flaiwili. Zungusha mzunguko mzima kwa mkono. Tofauti kati ya sindano ilipopanda zaidi na iliposhuka zaidi isizidi milimita 0.30.

Kisha hamisha ncha kwenye uso wa klachi, karibu na ukingo. Hapa kuna mtego: krenki ina mchezo wa kwenda mbele na nyuma, nao utaonekana kwenye geji kana kwamba flaiwili imepinda. Kwa hiyo sukuma krenki upande mmoja na uishikilie hivyo muda wote unapozungusha. Mwombe msaidizi wako aegemeze mtaimbo kwa upole. Zidisha kipenyo cha duara ambalo ncha inalipita kwa 0.0005, upate kikomo chako.

Ikizidi, toa flaiwili na uweke geji juu ya flenji yenyewe. Flenji ikizunguka sawa, kosa liko kwenye flaiwili au kuna uchafu ulipita. Flenji ikiyumba, una krenki yenye kasoro, na mwenye trekta aambiwe ukweli huo kabla hajanunua klachi. Watu wengi hukata tamaa wakisikia "toa tena". Mimi nasema ni nusu saa leo, au siku mbili trekta likiwa limekwama Marafa na tope magotini.

Ukikosa kabisa geji ya saa, funga bolti yenye ncha kwenye kipande cha chuma kilichokazwa kwenye hausingi, iache ikaribie uso, na upime pengo kwa fila geji kila robo mzunguko. Si sahihi kama geji, lakini milimita 0.15 utaiona. Vipimo vikikubali, ndipo ukunje wosha kwenye bapa la kila bolti.

Klachi, kuunganisha na kuwasha

Futa uso wa klachi kwa thina mara ya mwisho, kwa sababu vidole vyako vina oili. Pangilia bamba la klachi kwa shafti ya kupangilia, na kwa 135 yenye klachi mbili, moja ya giaboksi na moja ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana), mabamba yote mawili yapangwe kabla ya kukaza kava. Wakati wa kusogeza nusu mbili za trekta, pengo lifungike kwa kusukuma kwa mkono. Likigoma, ingiza gia na uzungushe shafti ya PTO taratibu mpaka meno yaingiliane. Usilifunge kwa kukaza bolti za hausingi. Pedali iachiwe mchezo wake huru kama kitabu kinavyotaka.

Kabla ya kuwasha, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili ukisikiliza mkwaruzo. Halafu vuta stopu ili dizeli isipite, na uizungushe kwa stata sekunde chache. Ndipo uwashe, uiache kwenye mwendo wa chini, kisha upandishe taratibu. Mtetemo unaoongezeka kadiri mzunguko unavyoongezeka ni ishara ya kuzima na kurudi kwenye vipimo.

Chini ya hausingi ya klachi kuna tundu dogo lenye pini ya miguu miwili inayokunjwa, iliyoachwa icheze. Iache icheze, isizibwe na tope wala rangi. Baada ya siku ya kwanza ya kulima, weka gazeti chini yake usiku kucha. Tone jeusi jembamba ni oili ya injini, na linasema sili ya kamba haijashika. Tone zito la rangi ya asali linatoka kwenye giaboksi, na flaiwili yako haihusiki.